Kumlipa Mwalimu kwa Matokeo: Tumtazame Pia Mtoto wa Mwisho Darasani



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake.

Wanafunzi wetu wapenzi, wazazi na walezi, kuna swali ambalo halikosekani katika vikao vya wazazi, viwe vya shule ya msingi au vya madrasa. Mwalimu mmoja anawahi, anasahihisha madaftari, anamfuata nyumbani mtoto aliyetoroka. Mwingine anafika akiwa amechelewa, anaandika ubaoni, anakaa kivulini hadi kengele. Mwisho wa mwezi wote wawili wanapokea sawasawa. Je, hii ni haki? Na kama si haki, kwa nini tusimlipe kila mwalimu kwa kadiri watoto wake walivyojifunza?

Swali hili lina uzito wake huku kwetu Basotu, na kote Hanang na Mbulu. Mwalimu mzuri akivunjika moyo, anaomba uhamisho kwenda mjini. Ustadhi wa madrasa akiona mchango wa wazazi hautoshi sabuni na unga, anageukia shamba au pikipiki, na watoto wanabaki na msahafu usio na wa kuwafunulia. Kwa hiyo kumtambua na kumzawadia mwalimu hodari ni jambo la lazima. Lakini namna ya kulifanya ndiyo yenye kuleta kheri au madhara. Katika makala hii tutaeleza malipo kwa matokeo ni nini, dini yetu inayatazamaje, nchi yetu iliyajaribu vipi, na sisi tunaweza kuchukua nini katika hayo.

1. Malipo kwa matokeo ni nini?

Kila mkulima wa huku anajua njia mbili za kumlipa kibarua. Ya kwanza ni kwa siku: amekuja asubuhi, ameondoka saa nane, analipwa ujira wa siku hiyo. Ya pili ni kwa ekari: amepalilia ekari moja, analipwa ekari moja, hata kama amemaliza kwa siku mbili au kwa nne. Kila njia ina faida yake na hasara yake. Wa siku anaweza kuegemea jembe. Wa ekari anaweza kupita mbio na kuacha magugu katikati ya mistari.

Mshahara wa mwalimu unafanana na njia ya kwanza. Analipwa kwa cheti chake, daraja lake na miaka yake kazini. Malipo kwa matokeo yanafanana na njia ya pili: sehemu ya fedha inategemea kile ambacho watoto wamekijua mwisho wa mwaka.

Hata hivyo kufundisha si kupalilia. Tumfikirie mchungaji aliyekabidhiwa ng'ombe. Mwaka wa mvua njema kundi linaongezeka, na mwaka wa kiangazi kikali ng'ombe wanakufa, hata kama mchungaji ni yule yule na bidii ni ile ile. Mwalimu naye ni hivyo. Mtoto anajifunza kwa juhudi za mwalimu, lakini pia kwa chakula alichokula, lugha anayozungumza nyumbani, kitabu alichonacho, na kama mzazi amemruhusu kuja au amemtuma machungani. Tulishike jambo hili, kwani ndilo litakalotuongoza hadi mwisho.

2. Dini yetu inayatazamaje malipo haya?

Wanavyuoni wa fiqhi wametenganisha mikataba miwili. Wa kwanza ni ijara, yaani kukodi nguvu au muda wa mtu kwa ujira unaojulikana. Wa pili ni ju'ala, yaani kuahidi zawadi kwa yeyote atakayekamilisha kazi fulani. Katika ju'ala, asiyekamilisha hana haki ya zawadi. Mfano unaotajwa sana ni ule wa Surat Yusuf, pale mnadi wa mfalme alipotangaza shehena ya ngamia mmoja kwa atakayekirudisha chombo cha mfalme kilichopotea. Asiyekirudisha hapati, hata kama amekitafuta usiku kucha.

Mfano wa pili umepokewa katika Bukhari na Muslim. Kundi la masahaba walipita kwa kabila lililokataa kuwakaribisha, kisha mkuu wa kabila hilo akaumwa na mdudu mwenye sumu. Sahaba mmoja alikubali kumsomea baada ya kuahidiwa kondoo. Alimsomea Suratul Fatiha, mgonjwa akapona, nao wakapewa kondoo wale. Walisita kuwagawana mpaka wamuulize Mtume (s.a.w.), naye akawakubalia. Wanavyuoni wameitumia habari hii kuonyesha kuwa malipo yaliyofungwa na matokeo yanajuzu.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na ualimu ni ule wa mateka wa Badri, mwaka wa 2 Hijria. Wanahistoria, miongoni mwao Ibn Saad, wameeleza kuwa mateka waliokosa mali ya kujikomboa, na walikuwa wanajua kuandika, waliambiwa wafundishe watoto kumi kumi wa Madina. Watoto wakishaijua kazi ya kuandika vizuri, hiyo ndiyo fidia yao. Hapa pana mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, idadi ya watoto ilijulikana, yaani mwalimu hakuchagua mmoja mwerevu akawaacha tisa. Pili, kipimo kilikuwa ujuzi wa mtoto, wala si siku alizokaa mwalimu. Tatu, mateka mmoja hakushindanishwa na mwenzake. Kila aliyefundisha kumi wake aliachwa huru, hata kama mwingine alitangulia.

Je, kuchukua malipo kwa kufundisha Qur'an kunaharibu ikhlasi? Wanavyuoni walikhitilafiana. Imepokewa kuwa Ubada bin Samit (r.a.) aliwafundisha watu wa Suffa, mmoja wao akamzawadia upinde, na Mtume (s.a.w.) akamuonya juu ya kuupokea. Kwa dalili kama hiyo Imam Abu Hanifa alizuia ujira wa kufundisha Qur'an. Imam Malik na Imam Shafii waliuruhusu, na wafuasi wa Abu Hanifa wa zama za baadaye nao wakaruhusu walipoona kuwa bila ujira walimu watatafuta riziki kwingine na watoto watabaki hawajui. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, tumezoea jambo hili tangu zamani. Katika vyuo vya pwani mtoto alipeleka chochote kwa mwalimu siku ya Alhamisi, na alipohitimu msahafu wazazi walimkirimu mwalimu.

Hata zawadi ya kuhitimu ina mizizi mirefu. Huko Qayrawan, katika nchi ya leo ya Tunisia, mwanachuoni Muhammad bin Sahnun aliyefariki mwaka 256 Hijria (870 Miladia) aliandika kitabu kizima kuhusu adabu za walimu. Humo alizungumzia malipo anayostahiki mwalimu mtoto anapofikia kiwango fulani cha kuijua Qur'an, na akasisitiza kuwa mwalimu afanye uadilifu baina ya mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini. Tuone hekima yake: ameweka malipo na uadilifu katika kitabu kimoja.

3. Tanzania ilijaribu: mpango wa KiuFunza

Wengi wetu hatujui kuwa moja ya majaribio makubwa ya malipo haya barani Afrika lilifanyika katika nchi yetu. Shirika la Twaweza liliendesha mpango ulioitwa KiuFunza, yaani kiu ya kujifunza, mwaka 2013 na 2014. Ulihusisha shule za msingi za serikali 350 katika wilaya 10 za Tanzania Bara, na ulilenga darasa la kwanza hadi la tatu, pale mtoto anapojengewa msingi wa kusoma na kuhesabu.

Shule ziligawanywa kwa kura katika mafungu manne, ili pasiwe na upendeleo:

a) Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Hiki ndicho kiwango kilichokuwa katika sera ya serikali, ingawa wakati ule kilichofika shuleni mara nyingi kilikuwa pungufu sana.

b) Shule 70 hazikupewa ruzuku, bali walimu wake waliahidiwa malipo kwa matokeo. Kila mtoto aliyefaulu mtihani wa mwisho wa mwaka katika Kiswahili, Kiingereza au Hisabati alimpatia mwalimu wa somo hilo shilingi 5,000, na mwalimu mkuu shilingi 1,000.

c) Shule 70 zilipewa vyote viwili, ruzuku na ahadi ya malipo.

d) Shule 140 hazikupewa chochote, zikabaki kuwa za kulinganishia.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwalimu wa Kiswahili ana watoto 60, na 25 wakafaulu. Atapata shilingi 125,000 juu ya mshahara wake. Wakifaulu 40, atapata 200,000. Mshahara wake haukuguswa. Asiyefaulisha hata mmoja hakukatwa kitu, ila hakupata nyongeza. Na hakuna mwalimu aliyepata kwa sababu mwenzake amekosa. Huu ulikuwa mchanganyiko wa ijara na ju'ala: ujira wa kudumu kwa kazi ya kila siku, na zawadi juu yake kwa kila mtoto aliyefika.

Yakatokea nini? Baada ya miaka miwili watafiti walipima na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha kuwa watoto wamejifunza zaidi ya wale wa shule zisizopewa kitu. Vitabu na vifaa viliongezeka, lakini elimu ya mtoto haikusogea. Tena wazazi wa shule hizo, walipoona fedha imefika, walipunguza walichokuwa wakitumia wenyewe kwa elimu ya watoto wao. Shule zilizopewa ahadi ya malipo peke yake zilitoa matokeo ya mchanganyiko. Katika mtihani wenyewe wa malipo kulionekana maendeleo kiasi, lakini katika mtihani mwingine wa watafiti, usio na fedha ndani yake, maendeleo hayakuthibitika.

Shule zilizopewa vyote viwili ndizo watoto wake walijifunza zaidi kwa uwazi. Na faida yao ilizidi jumla ya faida ya ruzuku peke yake na ahadi peke yake. Ni sawa na jembe na mkulima. Jembe bila mkulima halilimi, na mkulima mwenye ari bila jembe anachimba kwa kucha. Vikikutana, shamba linalimika.

Hili ni somo kubwa kwa wanaodhani kuwa kila kushindwa kwa mtoto ni uvivu wa mwalimu, na pia kwa wanaodhani kuwa kila kushindwa ni upungufu wa madawati. Kila upande umeshika nusu ya ukweli.

4. Madhara ya kulipa vibaya

Si kila mahali jambo hili lilikwenda vizuri. Majirani zetu wa Kenya walilijaribu mapema zaidi, mwaka 1998 na 1999, katika shule za msingi 50 za wilaya za Busia na Teso. Walimu wa shule zilizofanya vizuri zaidi, na za zile zilizopiga hatua zaidi, walipewa zawadi za vitu kama suti, sahani, vyombo vya chai na mablanketi. Alama katika mtihani unaohusika na zawadi zilipanda. Lakini walimu hawakuhudhuria zaidi ya kabla, wala hawakutoa kazi za nyumbani zaidi. Kilichoongezeka ni vipindi vya kujiandaa na mtihani. Zawadi zilipokoma, alama nazo hazikuendelea kuwa juu. Watoto walikuwa wamejifunza kufanya mtihani, na elimu yenyewe haikuwa imeingia.

Uingereza ilipita njia hiyo zamani zaidi. Kuanzia mwaka 1862 ruzuku ya shule ilitegemea mkaguzi kumsikiliza kila mtoto akisoma, akiandika na akihesabu. Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule na pia mshairi, alilalamika kuwa kazi ya ualimu imegeuka kuwa ya mashine. Watoto walikaririshwa kitabu cha mtihani hadi wakakijua kwa moyo. Mfumo huo uliachwa katika miaka ya 1890.

Ndugu zetu wa madrasa, hapa tusiwacheke Waingereza. Nasi tunaujua ugonjwa huu. Mtoto anasimama siku ya Maulidi, anasoma sura ndefu bila kukosea, wazazi wanatoa takbira na zawadi. Kisha mfungulie msahafu katikati ya sura hiyo hiyo, muwekee kidole kwenye neno moja, mwambie asome. Akinyamaza, ujue kuwa amehifadhi sauti na hajafundishwa kusoma. Kuhifadhi ni ibada kubwa, na mwenye kuhifadhi ana daraja yake. Lakini kama tunamlipa mwalimu kwa kile kinachosikika jukwaani tu, tutapata kinachosikika jukwaani tu.

Madhara mengine ni ya kumuacha mtoto mzito. Ikiwa malipo yanatolewa kwa anayefaulu tu, mwalimu mwenye haraka atawashughulikia walio karibu na kufaulu. Yule wa nyuma kabisa ataonekana hana faida, na yule wa mbele kabisa atafaulu hata asipofundishwa. Mbaya zaidi, mwalimu anaweza kutamani mtoto mzito asije siku ya mtihani. Ndiyo maana kule Busia na Teso waliweka sharti kuwa mtoto asiyefika mtihani ahesabiwe kuwa amepata alama ya chini, ili asifukuzwe kwa hila.

5. Mtoto wa Basotu na mtoto wa mjini

Sasa tuje nyumbani. Katika madarasa ya huku, mtoto wa darasa la kwanza huenda anazungumza Kibarbaig nyumbani, au Kiiraqw, au Kinyaturu. Kiswahili anakutana nacho shuleni. Kiangazi kinapokuwa kirefu, familia za wafugaji zinahama kufuata maji na malisho, na mtoto anakosa wiki kadhaa. Mwalimu wake anaanza na kumfundisha lugha kwanza, kisha silabi, kisha neno. Mwalimu wa mjini Arusha anapokea mtoto aliyekwisha kupita chekechea, anayeangalia maandishi ya Kiswahili kila dukani.

Walimu hawa wawili wakipimwa kwa mtihani mmoja na kupangwa nafasi, wa Basotu atakuwa wa mwisho kila mwaka, hata kama amefanya kazi mara mbili ya mwenzake. Atakayekuwa wa kwanza ni yule aliyepewa mbegu njema na mvua. Kumzawadia huyo na kumuacha mwenzake ni kuzawadia mvua.

Waliosimamia KiuFunza waliliona tatizo hili. Katika awamu ya pili, mwaka 2015 na 2016, walijaribu njia mbili katika shule 180, ambapo sehemu ya shule zilikuwa za kulinganishia. Njia ya kwanza ilikuwa ya ngazi. Badala ya kipimo kimoja cha kufaulu au kufeli, mwalimu alilipwa kwa kila stadi ambayo mtoto ameimudu: silabi, maneno, sentensi, na kuendelea. Mtoto mzito aliyepanda kutoka silabi hadi maneno alimletea mwalimu wake kitu, hata kama bado hajafika kwenye hadithi. Na stadi ambayo ni wachache walioimudu ililipwa zaidi kwa kila mtoto, ili ile ngumu isikimbiwe. Njia ya pili ilikuwa ya kitaalamu zaidi: watoto waliokuwa sawa mwanzoni mwa mwaka walilinganishwa wenyewe kwa wenyewe mwishoni, na mwalimu akalipwa kwa nafasi zao.

Kwa nadharia njia ya pili ndiyo yenye uadilifu zaidi, kwa sababu inazingatia mtoto alipoanzia. Lakini zote mbili zilisaidia watoto kujifunza, na ile rahisi ya ngazi haikupitwa na ile ya kitaalamu. Sababu yake si ngumu kuiona. Mwalimu anayejua kuwa Fulani bado hajui silabi za "nya" na "ng'a" anajua kesho afanye nini. Mwalimu anayeambiwa kuwa malipo yake yatategemea watoto wa shule asiyoijua hana la kushika mkononi.

Nchi yetu pia imeanza kuona kuwa kupanga nafasi hakutoshi. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani (NECTA) lilipotangaza matokeo lilitaja shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Januari 2023 Baraza lilieleza kuwa limeacha utaratibu huo kwa kuwa hauna tija. Shule zilizotajwa zilikuwa aghalabu zile zinazochagua wanafunzi wa kuwapokea. Mwalimu wa shule ya kata, mwenye wanafunzi wa kila aina, hakuwa na njia ya kuingia katika orodha hiyo.

6. Sisi tufanye nini katika madrasa zetu?

Madrasa nyingi hazina fedha za kuendesha mpango kama KiuFunza. Lakini misingi yake haihitaji fedha nyingi. Inahitaji uadilifu na daftari.

Kwanza, ujira wa msingi utangulie. Zawadi haiwezi kuziba pengo la ujira usiolipwa. Imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) aliwawekea walimu wa watoto wa Madina posho ya kila mwezi. Mwalimu anayedaiwa dukani hana utulivu wa kufundisha kwa ajili ya zawadi ya mwisho wa mwaka. Kamati ikiwa na fedha kidogo, ikamilishe kwanza haki ya kila mwezi.

Pili, vifaa viwepo. Tusimuahidi ustadhi zawadi kwa watoto kusoma ikiwa watoto kumi wanagombea juzuu moja iliyochanika. Matokeo ya mwaka 2019 yametuonyesha kuwa ahadi na vifaa vinakwenda pamoja.

Tatu, tulipe kwa kila mtoto na kwa kila hatua, wala tusimpe mmoja tu jina la mwalimu bora. Tuchukue mfano. Tuseme kamati imekusanya shilingi 120,000 baada ya mavuno, na madrasa ina walimu wawili, mmoja wa darasa la herufi na mwingine wa darasa la msahafu. Tukimpa zote yule ambaye watoto wake wamehitimu, mwalimu wa herufi hatapata hata senti, ingawa yeye ndiye aliyewafundisha wale wale walipokuwa hawajui alifu. Sasa tuweke hatua: herufi, irabu, kuunganisha, kusoma neno, kusoma aya, kisha tajwidi. Mwanzoni mwa mwaka tuandike kila mtoto yuko hatua gani, na mwishoni tuhesabu amepanda ngapi. Zikipatikana hatua 60 kwa madrasa nzima, kila hatua ina shilingi 2,000. Mwalimu wa herufi aliyepandisha hatua 35 anapata 70,000, na wa msahafu aliyepandisha 25 anapata 50,000. Hakuna aliyedhulumiwa, na mtoto mzito amekuwa na thamani sawa na mwepesi.

Nne, anayepima asiwe anayelipwa. Ustadhi wa kijiji kingine aalikwe, amsikilize mtoto mmoja mmoja, tena amfungulie mahali asipopatarajia.

Tano, wahesabiwe watoto wote walioandikwa mwanzoni mwa mwaka. Aliyeacha kuja abaki katika daftari, ili mwalimu na kamati wapate sababu ya kumfuata nyumbani.

Sita, tusipime kila kitu kwa fedha. Swala ya mtoto, adabu yake kwa wazazi na ukweli wa ulimi wake ni matunda ya mwalimu pia, lakini hakuna mtihani wa kuyapimia shilingi. Kwa hayo tumuombee dua, tumtaje kwa jina mbele ya watu, tumsaidie kulima shamba lake msimu wa mvua. Heshima nayo ni malipo.

7. Neno kwa wanafunzi na wazazi

Wanafunzi wetu, mwalimu alipwe kwa matokeo au kwa mwezi, matokeo yenyewe ni ninyi. Usipofika, au ukafika na kulala, umemnyima mwalimu wako na umejinyima mwenyewe. Na wewe uliye mwepesi wa kuelewa, kaa na mwenzako aliye mzito umsaidie hatua moja.

Wazazi wetu, tusifanye kama wale walioona ruzuku imefika wakarudisha mkono mfukoni. Madrasa ikipata msaada kutoka mbali, mchango wetu uongezeke badala ya kupungua. Na mtoto anayetumwa machungani siku za darasa asihesabiwe kuwa ni kosa la ustadhi.

Kwa muhtasari, kumzawadia mwalimu kwa matokeo si bid'a wala si ugeni. Kunajuzu, na kunaweza kumsaidia mtoto. Lakini kunafaa pale tu ujira wa msingi umelipwa, vifaa vipo, kipimo ni cha kweli, na zawadi inafuata kila mtoto aliyepanda hatua, akiwemo yule wa mwisho anayekaa karibu na mlango. Kamati inayotaka kujua kama mpango wake ni wa haki imtazame mtoto huyo. Kama mwalimu ana sababu ya kumsogeza mbele, mpango ni mwema. Kama ana sababu ya kumsahau, urekebishwe kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Tunamuomba Allah (s.w.) awalipe walimu wetu malipo yasiyokatika, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie uadilifu katika mambo yetu madogo na makubwa. Amin.